Makuba 22 ya Kizhi: kisa cha kanisa lililoponzwa na urembo wake

Mwaka 1980, kanisa la mbao linalojulikana kuliko yote nchini Urusi lilifungiwa wageni. Ikonostasi yake, yaani ule ukuta wa picha takatifu unaotenga altare na waumini, ilishushwa kipande kwa kipande na picha zikawekwa ghalani. Miaka michache baadaye, ndani ya jengo lililobaki tupu ikasimamishwa fremu ya chuma kuanzia chini hadi juu, ili kuta zisiporomoke. Msafiri aliyefika kwa boti kutoka mji wa Petrozavodsk hakuona tofauti: makuba yote yalikuwa juu ya Ziwa Onega vilevile kama kwenye kadi za posta. Akisogea mlangoni, anakuta pamefungwa. Pakakaa hivyo miaka 40.

Kanisa lenyewe ni la Kugeuka Sura kwa Bwana, katika kisiwa cha Kizhi, Jamhuri ya Karelia, kaskazini-magharibi mwa Urusi. Lilijengwa mwaka 1714, enzi za Peter Mkuu, na kwa kimo linafika mita 37. Pamoja na jirani yake, Kanisa la Maombezi lenye makuba machache zaidi, na mnara wa kengele uliojengwa karne ya 19, limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1990. Nimelichukua kama kisa kwa sababu makuba ya umbo la kitunguu husifiwa sana kwa sura yake na kuulizwa mara chache sana swali ambalo fundi wa paa yeyote angeuliza kwanza: maji ya mvua yanakwenda wapi?

Umbo lenyewe

Watu wa pwani yetu wamezoea kuba la msikiti, nusu duara lililokaa juu ya kuta, pana chini na kupungua kuelekea juu. Kuba la Kirusi lina tabia nyingine. Linaanzia kwenye shingo nyembamba ya mviringo, linatokeza tumbo pana kuliko shingo hiyo, kisha linajikunja kuingia ndani na kuchongoka mpaka penye msalaba. Katika makanisa ya mbao halifuniki nafasi yoyote ya ibada. Muumini aliyesimama katikati ya kanisa la Kizhi alikuwa na dari juu ya kichwa chake. Kitunguu chote kiko nje, na kazi yake ni kuonekana kutoka mbali.

Lilitokea wapi umbo hili? Makuba ya Kanisa la Mtakatifu Sofia mjini Novgorod, lililojengwa kati ya 1045 na 1050, yanafanana zaidi na kofia ya chuma ya askari kuliko kitunguu. Hata lile kanisa maarufu la Mtakatifu Vasili mjini Moscow, la 1555 hadi 1561, lilipata makuba yake ya sasa ya kitunguu mwishoni mwa karne ya 16, baada ya moto. Baadhi ya wanahistoria wanalihusisha umbo hilo na kibanda kilichokuwa juu ya kaburi la Kristo kule Yerusalemu, kilichochorwa na kunakiliwa na mahujaji. Mwanafalsafa Evgeny Trubetskoy, akiandika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliona ndani yake ulimi wa moto, sala inayowaka kuelekea mbinguni. Na waongoza watalii wana jibu lao la haraka: eti ni kwa ajili ya theluji, iteleze isirundikane.

Hilo la theluji silikubali kirahisi. Ni kweli theluji haikai juu ya tumbo la kuba. Lakini inapoteleza huangukia wapi? Kwenye paa lililo chini yake, pale penye shingo, mahali ambapo seremala hupata tabu kuliko pote kuziba. Kama lengo lingekuwa theluji peke yake, paa refu lililochongoka kama hema, ambalo Warusi wa kaskazini walilijua vizuri sana, lingewatosha. Sababu ya kitunguu ni imani na macho. Theluji ilikuja baadaye kama kisingizio kizuri.

Kuhusu idadi nako kuna mapokeo. Kuba moja ni Kristo, matatu ni Utatu, matano ni Kristo na wainjilisti wanne, 13 ni Kristo na mitume. Namba 22 haina maelezo yanayokubalika hivyo. Ukitaka kuielewa, fuata useremala. Kiini cha kanisa ni chumba cha pembe nane cha magogo. Pande zake nne, mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, kimeongezewa vyumba vya ngazi mbili, na kila ngazi ina kuba lake: hapo ni manne na manne. Juu ya kile chumba cha pembe nane, pembeni yote kuzunguka, yamekaa manane. Ikapandishwa pembe nane ndogo zaidi, ikabeba manne. Juu yake tena ndogo kabisa, yenye kuba kuu moja. Na altare, inayotokeza mashariki, ina lake moja. Jumla 22. Seremala alizidisha kila mahali ambapo muundo ulimruhusu kuzidisha, na jicho linapandishwa ngazi kwa ngazi hadi juu bila kupata pa kupumzika. Kila kuba la pembeni linakaa juu ya paa dogo lenye mgongo uliopinda na kuchongoka, ambalo Warusi huliita pipa.

Wapo wanaosimulia kwamba fundi mkuu aliitwa Nestor, na kwamba alipomaliza alitupa shoka lake ziwani akisema halijapata kuwapo kanisa kama hili wala halitakuwapo. Ni ngano. Miaka sita tu kabla yake, mwaka 1708, kanisa la namna hiyohiyo la makuba mengi lilikuwa limejengwa karibu na Vytegra, upande wa pili wa ziwa. Waliojenga Kizhi walikuwa wanaendeleza jambo lililokwisha kujaribiwa na majirani zao.

Misumari, mashoka na vigae

Sentensi nyingine inayorudiwa mno ni kwamba kanisa lilijengwa bila msumari hata mmoja. Kwa kuta ni sawa. Magogo ya msonobari yamelazwa moja juu ya jingine na kushikana pembeni kwa kuchongwa ili yaumane, na uzito wenyewe huyakaza. Kwa makuba si sawa. Vigae vya mbao vinavyoyafunika hupigiliwa misumari.

Vigae hivyo, vinavyoitwa lemekhi, ndivyo vinavyompa kila mgeni picha ya kurudi nayo nyumbani. Hutengenezwa kwa aspeni, mti wa kaskazini usiothaminiwa sana kwa kazi nyingine. Aspeni ikiwa bado mbichi hukubali shoka kwa ulaini, na ikikauka juani na kunyeshewa hugeuka kutoka njano hafifu hadi rangi ya fedha, inayobadilika kwa saa za mchana: kijivu asubuhi yenye mawingu, nyekundu jua linapotua. Kila kigae huchongwa ncha yake kwa madaraja, na mgongo wake hupindwa kidogo kulingana na mahali kitakapokaa, kwa sababu mzunguko wa kuba haulingani kokote: mwembamba shingoni, mpana tumboni, mwembamba tena juu. Kigae cha tumboni hakifai kwenye shingo. Kwa kawaida hutajwa vigae 30,000 kwa kanisa zima. Chini yake kuna mbavu za mbao zilizokatwa kwa mkunjo na kufungwa kwenye nguzo ya katikati, hiyohiyo inayobeba msalaba.

Vimepangwa kama makuti: safu ya juu inaficha vichwa vya safu ya chini, na maji yanashuka yakikabidhiwa kutoka safu moja hadi nyingine. Paa la namna hiyo ni zuri kama mteremko ni mkali na anayelisimamia hachoki kupanda. Kwenye kitunguu, mteremko haubaki mmoja. Sehemu ya juu ni mkali, tumboni ni wima, na chini ya tumbo vigae vinageukia ndani kabisa, kiasi kwamba maji yanayofika pale hayana budi kudondoka au kutambaa kufuata shingo. Halafu yanakutana na lile paa la pipa. Kati ya kila shingo na kila pipa kuna kiungo, na kila kiungo ni mlango wa maji. Kizhi ina milango ya namna hiyo kote kuzunguka, ngazi juu ya ngazi.

Mafundi wa 1714 walilijua hilo. Magogo ya juu kabisa ya kila ngazi waliyapanua kidogo kidogo kuelekea nje, ukuta ukatanuka kama mdomo wa chungu, ili maji ya paa yarushwe mbali na ukuta wa chini. Kanisa pia halikuwa na majiko. Lilikuwa kanisa la kiangazi. Baridi ilipoingia, waumini walihamia kwenye Kanisa la Maombezi lililo jirani, ambalo hupashwa moto. Hili la mwisho naliona muhimu kuliko linavyopewa uzito. Jengo lisilopashwa moto halina hewa ya joto inayopanda na kugeuka unyevu chini ya paa baridi, na hapo makuba yaliokolewa na balaa moja angalau.

Mbao za karne ya 19

Sasa tufike kwenye kiini cha kisa.

Katika karne ya 19, kanisa likiwa na umri wa miaka mia moja hivi, kuta zake zilivikwa mbao zilizopigiliwa juu ya magogo. Baadaye makuba yakavuliwa vigae na kufunikwa kwa mabati. Ukitazama picha za mwanzoni mwa karne ya 20 hulitambui mara moja: kuta zimenyooka, nyeupe, na makuba yamekuwa na ngozi laini isiyo na kivuli. Kwa macho ya wapenda sanaa ilikuwa aibu. Kwa magogo ilikuwa koti la mvua.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kazi ya kulikarabati ikaongozwa na mbunifu majengo Alexander Opolovnikov, mtu aliyejitolea maisha yake kwa majengo ya mbao ya Urusi. Msimamo wake ulikuwa wazi: nyongeza za karne ya 19 zilipotosha jengo na lazima ziondoke. Katika miaka ya 1950 mbao za kuta zikang'olewa, mabati yakashushwa, vigae vya aspeni vikachongwa upya na kurudishwa. Kizhi tunayoijua sote, ile ya magogo meusi na makuba ya fedha, ni Kizhi aliyoirudisha yeye. Makumbusho ya wazi ikaanzishwa kisiwani mwaka 1966, na umaarufu ukaenea duniani.

Haikupita muda mrefu dalili zikaonekana. Magogo yaliyokuwa yamekaa makavu chini ya mbao kwa zaidi ya karne yakawa yanapigwa na mvua ya ziwani, yanakauka, yanapasuka, yanalowa tena kupitia mipasuko ileile. Magogo ya chini yalikuwa yanapondeka kwa uzito wa kilichoko juu, kuta zikapoteza wima wake. Hapo ndipo tulipoanzia: 1980, mlango ukafungwa.

Je, Opolovnikov alikosea? Wanaomtetea wana hoja yenye uzito. Mbao za kufunika hulinda, lakini pia huficha: uozo unaweza kula gogo kwa miaka nyuma yake pasipo mtu kujua, na baadhi ya maradhi ya kanisa hili bila shaka yalikuwa ya kale kuliko ukarabati wake. Na bila yeye, pengine lisingepata umaarufu uliokuja kulichangia fedha. Hata hivyo mimi nasimama na wale wakulima na makasisi wa karne ya 19 wasiotajwa majina. Walikuwa na kanisa linalovuja, wakalitibu kwa kile walichokuwa nacho, nalo likafika karne ya 20 likiwa zima. Aliyewavua kazi yao alikuwa anarejesha picha ya mwaka 1714. Mwaka 1714, kumbuka, magogo yalikuwa mapya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wale walikuwa wameziba.

Chuma ndani ya mbao

Ile fremu ya miaka ya 1980 ilikuwa hatua ya dharura, na kama dharura ilifanya kazi: kanisa halikuanguka. Tatizo ni kwamba mti na chuma haviishi maisha sawa. Jengo la magogo hushuka taratibu kila mwaka, hutanuka kwa unyevu na kunywea kwa ukavu, na sehemu zote hushuka pamoja. Ukishikiza baadhi ya sehemu kwenye chuma kisichoshuka, zile nyingine zinaendelea na safari yake. Wakosoaji walisema kwamba fremu, huku ikizuia anguko, ilikuwa inaleta mikunjo mipya.

Mabishano yakaendelea miaka nenda miaka rudi, wataalamu wa kimataifa wakija na kuondoka, Kamati ya Urithi wa Dunia ikidai mpango unaoeleweka. Kulikuwa na njia mbili kubwa mezani. Ya kwanza ni ile ambayo seremala yeyote wa kale angeichagua bila kusita: weka nambari kwenye kila gogo, libomoe kanisa lote, badilisha yaliyooza, lijenge tena. Nyumba za magogo zilihamishwa hivyo kijiji hadi kijiji kwa karne nyingi. Hofu ilikuwa kwamba jengo kubwa kiasi hicho, likishalazwa chini kama rundo la magogo yaliyopinda kwa miaka 300, huenda lisirudi kuwa lile lile. Gogo lililojikunja kulingana na jirani yake halitaki kukaa na jirani mpya.

Njia ya pili ndiyo iliyoshinda: kulining'iniza. Kanisa likagawanywa kwa mkato wa mlalo katika mikanda saba. Ile fremu ya chuma, iliyolaumiwa muda wote huo, ikaboreshwa na kupewa kazi mpya ya kubeba. Kwa jeki, kila kilicho juu ya mkanda uliolengwa kiliinuliwa na kushikiliwa hewani, na mkanda ule ukachomolewa gogo kwa gogo. Walianzia chini, pamoja na msingi, wakapanda. Kwa misimu kadhaa wageni waliofika walishuhudia jambo la ajabu: makuba juu, ukuta katikati, na chini ya ukuta uwazi ambapo ungeona ng'ambo ya pili.

Magogo yalipelekwa kwenye banda la ukarabati lililojengwa hapohapo kisiwani. Waliofanya kazi hiyo walikuwa mafundi wa kituo cha useremala cha Zaonezhye, wenyeji wa ukanda huohuo wa ziwa. Kanuni yao ilikuwa kutolitupa gogo kama sehemu yake inafaa. Palipooza pakakatwa, kikachongwa kiraka cha msonobari chenye nyuzi zinazoelekea upande uleule, kikapachikwa mpaka mpaka wake ukawa mstari mwembamba. Gogo lililokwisha kabisa ndilo lililobadilishwa, kwa mti uliokua polepole msituni kaskazini, wenye pete zilizobanana. Kisha mkanda wote ukaunganishwa kwa majaribio ndani ya banda, ukapimwa, ukafunguliwa, ukarudishwa mahali pake chini ya kanisa linaloning'inia. Ukitazama kuta leo utaona viraka vya rangi ya asali kwenye magogo ya kijivu. Hawakuvipaka rangi kuvificha. Napenda uungwana huo: jengo linakuonyesha lenyewe ni wapi liliguswa, na miaka itavififisha.

Makuba yalifikiwa mwisho, kwa kuwa ndiyo ya juu. Mbavu zikakaguliwa, vigae vikachongwa upya kwa shoka. Kazi iliyoanza kwa maandalizi mwaka 2009 ikafikia ukingoni miaka kumi baadaye. Mwaka 2020 kanisa likafunguliwa tena kwa wageni, likiwa na picha 102 za ikonostasi mahali pake.

Kilichobaki wazi

Njia hii ilikuwa polepole na ya gharama, na wapo waliolalamika kwamba pesa hizo zingeokoa makanisa mengi madogo yanayooza vijijini Karelia bila mtu kuyapiga picha. Lalamiko lao ni la haki. Lile kanisa la karibu na Vytegra, kaka wa Kizhi wa 1708, liliteketea mwaka 1963, na lililopo leo nje ya St Petersburg ni nakala. Mwezi Agosti 2018, mafundi wa Kizhi wakiwa bado kazini, Kanisa la Kupalizwa huko Kondopoga, kwenye ziwa hilohilo la Onega, liliungua lote kwa moto uliowashwa na kijana mdogo. Lilijengwa 1774, kimo chake mita 42, na paa lake la hema lilisimama karne mbili na nusu. Jeki haimzimi mtu kiberiti.

Kwa Kizhi yenyewe, swali la mvua halikujibiwa, limeahirishwa. Kuta zimebaki magogo matupu, kama Opolovnikov alivyotaka. Vigae vya aspeni hudumu miongo michache, kisha huanza kupauka, kujikunja na kufunguka, kwanza upande unaopigwa na pepo za ziwa. Makumbusho ina mafundi wake na mafunzo ya useremala, na vipimo vya kuta vinaendelea kuchukuliwa. Ningekuwa na kauli, ningerudisha zile mbao za karne ya 19 kwenye kuta, angalau upande wa hali ya hewa mbaya, na makuba ningeyaacha na vigae vyake. Najua hakuna atakayelikubali pendekezo hilo. Watu hawavuki Ziwa Onega kwa boti ili kutazama kanisa lililovaa koti.